Meli Iliyochorwa kwa Chaki

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, asubuhi, sakafu ikiwa bado mbichi.

Fundi Koki alisukuma mlango wa chumba chake cha kulala, bahasha ya ofisi ya safari mkononi, akaganda pale pale kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Sakafu ilikuwa inang'aa. Imepigwa deki mpaka pembeni. Sista alikuwa amepiga magoti kando ya godoro, kitambaa mkononi, ndoo ya maji meupe ubavuni mwake.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha, shemeji."

"Nakuuliza umefanya nini!"

Sista hakuinua uso. "Nimefuta chaki."

"Yote?"

"Ya chini, yote."

"Nani alikutuma?"

"Kaa kwanza, shemeji. Umetoka juani."

"Sikai! Chumba changu, sakafu yangu, mke wangu. Nani alikutuma?"

Sista alichovya kitambaa ndooni. Akakamua kitambaa taratibu, tone kwa tone, kama mtu anayetafuta neno ndani ya ndoo.

"Nilikupa ufunguo uje kumwagilia maua," alisema Fundi Koki. "Kumbe umekuja kumzika mke wangu mara ya pili."

Hapo ndipo mama wa watu alipoinuka. Goti lilimlia. Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza kwa upole, kama anaweka yai.

"Maua nimeshamwagilia," alisema, akatoka.

Sasa, mtu anaweza kuuliza, chaki ni nini mpaka watu wazima wavunjiane heshima?

Fundi Koki maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi bomba wa hospitali kubwa. Koki za wodi, vyoo vya wakubwa, mabomba ya jikoni, vyote vilipita mikononi mwake, ndiyo maana jina lake la kweli lilishasahaulika. Mkewe alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyo hiyo, ananyoosha mashuka. Na Sista alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee, shoga wa mkewe tangu ujana, mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa, na ambaye alimwita Fundi Koki shemeji kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walidhani ni ndugu wa damu.

Siku moja mke alirudi na kijitabu cha rangi alichokikuta kwenye mfuko wa koti la bosi mmoja. Picha za meli ya kitalii, nyeupe, ndefu kama mtaa.

"Wakubwa wanapanda hii wakistaafu," alisema. "Na sisi tutapanda."

"Sisi na meli wapi na wapi?"

"Kwani meli inauliza cheti cha shule?"

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Nahodha. Na alistahili. Aligundua kwamba bei hushuka watoto wakirudi shuleni, kwa hiyo wao wangesafiri wakati wenye wajukuu wamekaa nyumbani. Akachagua meli inayoondoka bandari ambayo basi linafika, ili ndege wawaachie wenye ndege. Akajua chakula kimo ndani ya nauli ila soda haimo.

"Soda tutakunywa tukirudi," alisema. "Na chumba tutachukua cha ndani, kisicho na dirisha. Ndicho cha uwezo wetu."

"Chumba bila dirisha? Hilo ni jeneza lenye shuka nyeupe."

"Dirisha tutachora."

Basi Fundi Koki akachukua futi yake, akasoma vipimo kwenye kijitabu, akakichora chumba kile kwenye sakafu ya chumba chao kwa chaki. Mlango hapa. Bafu pale, dogo, ukijisabuni unafungua mlango kwa kiwiko. Vitanda viwili, ambavyo kijitabu kilisema mgeni anaweza kuviunganisha au kuvitenganisha.

"Viungwe," aliamua Nahodha. "Sijanyoosha mashuka ya watu miaka yote hii nije kulala peke yangu."

Wakavunja kitanda chao, wakaingiza godoro ndani ya mistari, wakawa wanalala humo.

"Tuzoee," Nahodha alisema. "Kule tukigombana hakuna kwenda kulala kwa dada yako."

Wakicheka. Wakigongana viwiko. Kila Jumamosi miguu ikiwa imefifisha mistari, Fundi Koki anaipitia upya.

Kilichobaki ni kiinua mgongo tu.

Na hapo ndipo wenye viti vya kuzunguka walipoingia. Mtu amefanya kazi mpaka mgongo umepinda, halafu anaambiwa asubiri hela ya kuuinua. Fundi Koki alipigwa danadana mpaka mlinzi wa getini akawa anamwita mfanyakazi mwenzangu.

"Faili lako liko juu, mzee."

"Juu wapi?"

"Kwa mkubwa."

"Na mkubwa yuko wapi?"

"Yuko semina."

Semina haikwisha. Nahodha akaanza kukohoa, akapungua, akawa mwepesi kwenye godoro lile kama shuka lililokauka. Faili likiwa bado juu, yeye akashushwa chini. Arobaini haijafika, simu ikalia ujumbe:

"Mpendwa mstaafu, mafao yako yamelipwa. Furahia maisha yako ya ustaafu."

Furahia! Waliouandika ujumbe ule wako ndani ya viyoyozi mpaka leo, na usiku wanalala na wake zao.

Tangu hapo Fundi Koki aliichora meli peke yake kila Jumamosi. Alilala upande wake. Upande wa pili hakuuvuka hata kwa mguu.

Na Jumanne hiyo asubuhi, hatimaye, alikuwa amemuaga Sista akaenda kulipia.

"Baba, vyumba vyetu huuzwa kwa watu wawili," binti wa ofisi ya safari alikuwa amemwambia. "Ukienda peke yako unalipia vitanda vyote."

"Yaani nalipia kitanda cha hewa?"

"Ndivyo kampuni ilivyopanga."

"Kila mahali kuna mtu amepanga, na mtu mwenyewe haonekani."

Binti akatabasamu kwa adabu. "Kwani unasafiri na nani, baba?"

Swali dogo. Fundi Koki angeweza kusema peke yangu. Badala yake ulimi ukateleza:

"Na mke wangu."

"Hongereni! Pasipoti yake mnayo?"

"Ipo."

Na kweli ilikuwepo. Walizichukua pamoja, siku moja, Nahodha kasuka nywele kwa ajili ya picha. Kurasa zake zote zilikuwa nyeupe.

"Basi Ijumaa njoo naye, baba. Tumalizie."

Alitembea kurudi nyumbani na uongo huo kifuani kama jiwe la moto, akitaka kitu kimoja tu, kulala ndani ya mistari yake afikiri. Akakuta ndoo.

Alimpigia binti yake anayeishi mji mwingine.

"Mama yako amefutwa!"

"Baba, taratibu. Nani kafutwa?"

Akaeleza. Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu.

"Baba, Sista ndiye aliyekuwa anamgeuza mama kwenye godoro. Mimi mtoto wake sikuweza."

"Hilo halimpi ruhusa ya ndoo."

"Umemwambia maneno mabaya?"

"Nimemwambia yanayomfaa."

"Basi baki na chaki yako," alisema binti, na simu ikakatika.

Fundi Koki akajitupa kwenye godoro. Sakafu tupu kila upande, godoro linaelea katikati kama limeng'oka. Akageuza kichwa ukutani asiione. Na ukutani, dirisha lilikuwepo.

Duara la chaki, zuri, limezungushwa kwa kitu cha mviringo, na ndani yake mistari mitatu ya mawimbi. Siku zile za mwisho Nahodha alimwita akalionyesha kwa kidole: "Umeona? Nilikuambia tutachora." Yeye akalia, akaamini.

Sasa alilitazama vizuri. Lilikuwa juu. Juu kabisa, pa kupanda stuli. Na Nahodha siku zile hata kukaa alikuwa anakalishwa.

Akaishika simu. Vidole vyake vinene vya kushikia spana vilichukua muda mrefu kumwandikia Sista.

"Dirisha nani alichora?"

Jibu halikukawia.

"Mimi. Yeye aliniambia pa kuliweka. Nilitumia beseni la kuogea."

"Kwa nini leo hukulifuta?"

"Hakuniambia nilifute. Aliniambia mistari ya chini tu."

Fundi Koki aliusoma ujumbe ule. Akausoma tena kwa sauti. Kisha akavaa viatu.

Sista aliishi ghorofa ya pili, chumba kimoja na veranda ndogo. Alifungua mlango macho mekundu, akajifanya anapenga kamasi.

"Karibu, shemeji. Umekuja kumalizia matusi?"

"Nimekuja kusikia. Alikuambia nini?"

Sista akamsogezea kiti, yeye akabaki amesimama, ameegemea friji.

"Aliniambia, siku mume wangu atakapokwenda kulipia meli, ingia ufute mistari. Usipofuta, atakuja kuahirisha. Atalala humo mpaka afe, na bahari ataiona kwenye kijitabu."

"Na dirisha?"

"Alisema dirisha liache, asije akakosa hewa."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kulaumu. Siku zote alikuwa na mkubwa wa kumtupia lawama. Leo alitafuta, hakumpata.

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Ungeamini? Ungesema nimetunga. Watu wana macho, shemeji."

"Macho ya kuona nini?"

"Usinifanye niseme kama msichana. Magoti yangu hayana umri huo."

Friji likaguruma, likatulia.

"Tangu lini?" aliuliza Fundi Koki.

"Yeye alijua. Usiniulize alijuaje, mwanamke anajua. Siku tunachora dirisha aliniangalia nikiwa juu ya stuli akaniambia, wewe ungependa kuona bahari. Nilishuka nikaenda kuosha beseni."

Fundi Koki akaitoa bahasha kwenye koti, imekunjamana.

"Wanasema nilete mtu wa pili. Kitanda kipo. Nitakilipia hata kikiwa kitupu. Kwa hiyo nikafikiri, kama wewe…"

"Ishia hapo hapo."

"Nimesema nini?"

"Sitaki kujaza kitanda kwa sababu kampuni inakutoza. Mimi si punguzo la bei, shemeji!"

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha nini? Sema kama mtu mzima. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa pembeni. Nashika ndoo, nashika beseni, nashika ufunguo. Baharini kote huko nikashike nini?"

Fundi Koki aliikunja bahasha, akaikunjua. Angeweza kueleza bomba lilivyopasuka ndani ya ukuta bila kuliona, lakini hili lilimshinda.

"Nilikuwa tayari kwenda na kitanda kitupu," alisema mwishowe. "Bado niko tayari. Sikuombi kwa ajili ya kitanda. Ila asubuhi, ulipoacha ufunguo mezani ukatoka, niliambulia kujua kitu. Nyumba ilikuwa na maua, sikuwa nayaona. Kila siku yamelowa, na mimi namwangalia yeye tu sakafuni. Nikienda nikaiona bahari, nitamwambia nani? Nikisema tazama kule, nani ageuke?"

Sista aligeuka akatazama veranda, ingawa huko hapakuwa na kitu isipokuwa soksi zilizoanikwa.

"Bado unampenda," alisema.

"Ndiyo. Sikudanganyi."

"Mimi pia nampenda. Hapo hatuna ugomvi." Akapenga tena, safari hii kweli. "Nitajilipia mwenyewe. Pensheni yangu ilitoka na mimi niko hai, basi mmoja wetu alipata bahati. Na ukianza kuwalaumu wakubwa tukiwa katikati ya maji, nakutosa."

"Hata kidogo?"

"Asubuhi kidogo. Baada ya chai."

Akacheka, Fundi Koki, sauti ikatoka na kutu kama koki iliyofungwa siku nyingi.

"Pasipoti yake nataka niende nayo," alisema.

"Twende nayo. Na chaki pia. Chumba hakina dirisha, nani atalichora?"

Ijumaa walikaa mbele ya meza ya binti wa ofisi ya safari. Sista alivaa gauni la bluu na viatu vyake vyeupe vya wodini, vimepakwa rangi upya. Kwenye mfuko wa shati la Fundi Koki kulikuwa na pasipoti moja isiyohusika na safari na kipande cha chaki kilichochafua kitambaa. Feni lilizunguka juu yao. Ukutani, picha ya meli, nyeupe, ndefu kama mtaa.

"Huyu ndiye mama!" alisema binti kwa furaha. "Baba alituambia."

Fundi Koki akakohoa. Sista akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Alikuambia nini?"

"Kwamba anasafiri na mkewe."

Hakuna aliyesahihisha. Binti akaendelea kubonyeza kompyuta yake, majina, umri, nani ana kisukari, nani hali nini. Kisha akasimamisha vidole.

"La mwisho. Vitanda ni viwili. Tuviunganishe au tuvitenganishe?"

Fundi Koki akaangalia viatu vyeupe. Sista akaangalia picha ya meli. Akafungua mdomo aseme, "Sheme…", neno likamfia njiani.

"Fundi," alisema badala yake, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Basi. 

Binti alisubiri, mkono juu ya kibonyezo, akimtazama huyu, akimtazama yule.

"Wazee wangu," aliuliza tena, "niandike nini?"