Fomu ya Mkaguzi

Walikutana kwenye ghala la rangi, siku ya kuhesabu mali, mikokoteni ikipishana. Mkaguzi wa hesabu, shati jeupe limenyooshwa mpaka kola, alikuwa amesimama katikati ya njia akiandika.

"Kaka, sogea, utavunjwa mguu," mtunza ghala alimwambia.

"Nikivunjika utaniuguza?"

"Hesabu madebe yako kwanza."

Mkaguzi akacheka, akasahau alipofikia, akaanza upya.

Baada ya mwaka mkaguzi alimvisha mtunza ghala pete ya uchumba, mbele ya mama wa binti.

Kisha maneno yakaifikia bodi inayosimamia wakaguzi. Mkaguzi akampigia simu mchumba wake.

"Laazizi, leo utaulizwa. Sema tunajuana kikazi tu. Mkaguzi haruhusiwi kuwa na mtu wake kwenye kampuni anayoikagua. Wataninyang'anya leseni."

"Si ungewaambia wampe mwenzako kazi hii?"

"Kampuni kubwa hii, mpenzi. Ni maneno tu."

"Haya."

Mchana, katika ofisi ya juu ya ghala, mama wa bodi, miwani puani, alimsogezea binti karatasi. "Hii wakaguzi wanaijaza kila mwaka kabla ya kuanza kazi. Soma hapo, binti."

Ndugu, mke au mchumba katika kampuni: hakuna. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kulalia upande, wa vile vikaratasi alivyokuwa akiandikiwa. Akateremka kwenye tarehe. Jumatatu. Pete alikuwa amevishwa Jumapili, jana yake. Jumatatu hiyo mama yake alikuwa hajamaliza hata kurudisha viti vya watu.

"Ni kweli hayo?"

Neno moja lingemmaliza mwanamume yule.

"Kweli," alisema. "Hakuna." Akatia sahihi.

Hata ngazi hajazimaliza, simu ikalia.

"Malkia wangu, bodi wameshaniambia, umeniokoa. Jioni nakuja, vaa lile gauni la kijani."

"Usije."

"Umenuna? Si tulikubaliana ni maneno tu?"

"Uliyaandika Jumatatu."

Mkaguzi akashusha sauti: "Niliogopa."

"Ungeniambia unaogopa, ningekungoja hata miaka bila pete. Wewe ulikula kwetu, ukalala, ukaamka ukanifuta."

"Bado nakupenda."

"Najua. Na mimi nakupenda, ndiyo maana leseni unayo."

Akazima simu. Akaingia nyuma ya madebe ya bluu, akalia huku amejiziba mdomo kwa kanga ya kazini.

"Dada," dereva wa lori aliita, "tuanze kupakia rangi gani?"

Ilibidi aulize mara mbili.