Jeti Yenye Namba Sahihi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumanne, wakamuaji wawili walimkuta meneja wa shamba la maziwa amelala chali ndani ya mtaro, nyuma ya zizi la ndama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda vibaya. Juu yake kidogo, pikipiki ya shamba ya magurudumu manne ilikuwa imelalia ubavu. Wafanyakazi waliiita Beberu, kwa kuwa hapakuwa na ukingo ulioishinda. Asubuhi ile ukingo mmoja ulikuwa umeishinda.

Mkono ulikuwa umevunjika, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Nimebonyeza mafuta nipande ukingo, ikapiga kwikwi, ikazima, ikanirudisha kinyumenyume! Nani aliifungua mara ya mwisho?"

Kila mtu alijua. Fundi wa shamba alikuwa ameihudumia Jumatatu, akamaliza saa kumi jioni na kuandika kwa chaki ukutani: kabureta safi, jeti ndogo mpya, namba 38. Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu jembamba la kupimia petroli, na namba ni upana wa tundu lenyewe. Meneja hajatoka hata hospitali, barua ya kumfukuza fundi ilikuwa imeshachapwa. Ingetiwa sahihi saa kumi jioni ileile. Na fundi aliyemvunja bosi mkono, nani atamwajiri tena?

Fundi hakupoteza muda kulia. Alimpigia simu shangazi yake.

Mama huyo, aliyejulikana kama Bi Jeti, alikuwa ametengeneza kabureta kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alitembea na jozi mbili za miwani, moja ya kuonea watu na nyingine ya kuonea vitu vya maana. Alifika saa nne na nusu. Getini alipokewa na binti yake wa pekee, daktari wa mifugo wa shamba hilohilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Ng'ombe mmoja amezaa alfajiri. Ndama alikuja kinyume."

"Wakoje?"

"Wazima wote wawili."

Bi Jeti alicheka kwa furaha. Binti huyu alimjivunia mpaka majirani walikuwa wamechoka kumsikiliza.

Bandani alimkuta mpwa wake amekaa juu ya tairi, Beberu mbele yake.

"Usiniambie ulifanya nini," alisema Bi Jeti. "Niambie yenyewe inafanya nini."

"Ikisimama inanguruma. Ukiongeza mafuta polepole, inakwenda. Ukibonyeza ghafla, inasita, inakohoa, inazima."

"Iwashe, ipate moto sawasawa."

Walingoja dakika kumi. Kisha Bi Jeti akabonyeza mafuta kwa kidole gumba, ghafla, na Beberu ikapiga kwikwi.

"Sasa vuta choki kidogo, tuipunguzie hewa. Kama ina njaa ya mafuta, itapata nafuu."

Fundi akavuta. Injini ikakohoa moshi mweusi na kufa palepale.

"Haina njaa hii. Imevimbiwa."

Alifungua plagi, ikatoka nyeusi kama sufuria la kuni. Akakinga petroli kwenye chupa nyeupe, akaitazama kwenye mwanga: haikuwa na maji. Kichujio cha hewa kilikuwa safi. Mafuta yalikuwa yanazidi mahali fulani, naye alitaka kujua mahali penyewe na mkono wenyewe. Akaomba daftari la mlinzi.

Mlinzi aliandika kila kitu, hata vitu visivyomhusu. Ukurasa wa Jumanne ulisomeka hivi: *Saa 11:00 alfajiri, daktari kachukua ufunguo wa Beberu. 11:40, daktari katoka na Beberu. 12:50, karudi. 1:15, dereva wa maziwa kaingia bandani. 1:20, katoka. 2:00, meneja kaondoka na Beberu.*

"Dereva!" fundi aliruka. "Anaitaka Beberu ibebe madebe yake tangu mwaka jana. Nilimkatalia."

Dereva aliitwa, akaja akijifuta mikono.

"Ulifuata nini bandani?" aliuliza Bi Jeti.

"Bisibisi, mama. Taa ya lori langu inakonyeza watu barabarani, nitakuja kupigwa na waume za watu."

"Ulirudi nayo?"

"Hii hapa."

Bi Jeti alibadilisha miwani. Ncha ya bisibisi ilikuwa imelika hadi kuwa duara. Akainama chini ya kabureta na kuzitazama skrubu nne za bakuli lake. Vichwa vilikuwa vikali, havina hata mkwaruzo.

"Bisibisi hii ingezitafuna. Na dakika tano hazitoshi kufungua kabureta. Nenda zako, baba, kamalize taa."

Kisha akalifungua bakuli lenyewe, na hapo mikono yake ikasimama. Ukingo wa gasketi, ile karatasi nene ya kuziba kiungo cha bakuli, ulikuwa umepakwa mafuta meupe, mepesi, yenye harufu ya kafuri. Yalikuwa mafuta ya kulainishia chuchu za ng'ombe.

"Gasketi hii umeipaka wewe?"

"Mimi napaka grisi nyeusi, shangazi. Kama ulivyonifundisha, isichanike ukifungua tena."

Ujanja huo Bi Jeti alikuwa amewafundisha watoto wawili tu duniani, walipokuwa wadogo, wamekaa benchi moja karakanani kwake. Mmoja alikuwa amesimama mbele yake. Alitamani kulifunika bakuli na kurudi nyumbani.

Badala yake aliitoa jeti ndogo. Ilikuwa imegongwa namba 38, sahihi kabisa. Fundi akatoa nyingine mpya kutoka kwenye droo, namba ileile. Bi Jeti akachambua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme na kuujaribu. Kwenye jeti mpya uligoma kuingia. Kwenye jeti ya Beberu ulipita ukapwaya.

"Namba sahihi, tundu limetanuliwa. Kuna mtu ametia chuma humu."

"Mimi nazibua kwa upepo tu," alisema fundi.

"Najua."

Aliokota kitu kando ya gurudumu. Kilikuwa kifuniko kidogo cha plastiki cha manjano, cha sindano.

"Shamba zima lina sindano," fundi alisema harakaharaka, akitazama pembeni. Kisha akaongeza, "Shangazi, tuache. Acha barua isainiwe. Mimi nitapata kazi kwingine."

"Wapi?"

Fundi akaanza kuzifuta skrubu moja moja.

Saa tisa na nusu walikuwa wanne ofisini: meneja na plasta yake, fundi, daktari na Bi Jeti. Juu ya meza, kando ya barua, Bi Jeti alipanga jeti mbili, uzi wa shaba, kifuniko cha manjano na daftari la mlinzi. Alieleza kimoja baada ya kingine, na meneja alijaribu uzi mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

"Kwa hiyo siyo fundi," alisema meneja. "Nani basi?"

"Soma saa, bwana meneja. Saa kumi na moja mtu amechukua ufunguo. Ndama amekaa kinyume tumboni, kila dakika ni roho. Lakini mtu huyo anatoka saa kumi na moja na dakika arobaini. Dakika arobaini bandani alikuwa akifanya nini?"

Hakumtazama binti yake. Hakuweza.

"Mama," alisema daktari. "Ni mimi. Ilikuwa inasita kila nikibonyeza mafuta. Nikaona jeti imeziba. Huyu kaka simu yake imezimwa, ng'ombe anakufa. Nikaifungua, nikaizibua kwa sindano nyembamba niliyokuwa nayo. Na ikakubali! Nikaenda nayo mpaka juu malishoni. Kurudi nilikuja polepole, usingizi umenijaa, sikuona kasoro. Niliposikia meneja ameanguka..."

"Ulinyamaza," alisema meneja.

"Sheria ya shamba ni kwamba Beberu inafunguliwa na fundi peke yake. Niliogopa. Nilidhani kaka atagombezwa tu, yaishe."

"Mficha uchi hazai. Wewe daktari ulipaswa kulijua hilo kuliko sisi." Bi Jeti alivua miwani. "Alfajiri kulikuwa na baridi?"

"Kali."

"Choki ulivuta?"

Daktari aliinua uso. "Choki?"

"Jeti haikuwa imeziba, mwanangu. Injini ilikuwa baridi. Injini baridi hutaka mafuta mengi, ndiyo kazi ya choki. Wewe ukatanua tundu, ikapata mengi, ikakubali. Ilipopata moto, mengi yaleyale yakaikaba, na meneja akiwa ukingoni."

Daktari alifunika uso kwa viganja. Fundi alisogea, akamwekea mkono begani.

"Basi barua naibadilisha jina," alisema meneja.

"Ibadilishe, ni haki yako. Lakini uandike majina mawili, lake na langu," alisema Bi Jeti, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Huyu alikuwa na mkono mwepesi kuliko huyu kaka yake. Alipofaulu mtihani nikamwondoa kwenye benchi kabla hajafika kwenye choki. Nikamwambia mikono ya daktari hainuki petroli. Nilimfundisha kufungua, sikumfundisha kujua kwa nini. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu umemfunza kwa mkono wako wewe."

Meneja aliutazama mkono wake kwa muda mrefu. Kisha akaichukua barua na kumpa fundi.

"Ichane, mimi sina mikono miwili. Daktari, huendeshi Beberu kwa miezi mitatu. Utakwenda kwa ng'ombe wako kwa miguu. Na fundi umwombe radhi hapa hapa, sote tukisikia."

Daktari alimwomba radhi. Fundi alisema yameisha, ila siku nyingine apige hodi mlangoni kama simu imezimwa.

Saa kumi kamili walikuwa bandani. Fundi alichukua jeti mpya na kuinama chini ya Beberu, lakini Bi Jeti akamshika bega na kumrudisha nyuma. Alimnyooshea binti yake bisibisi nzuri ya fundi, yenye ncha kali.

"Njoo ukae hapa," alisema. "Tuendelee tulipoishia."