Chapati za Mathenge

Kila asubuhi, katika mtaa wa Kiwanjani mjini Isiolo, Mureithi hufungua duka lake dogo. Mkewe, Wanjiru, hufagia ua, huwasha jiko na kumwandaa binti yao Kate kwenda shule. Wameishi hivyo tangu walipohama kutoka Nyeri.

Mwaka huu mvua haikunyesha. Unga ulipanda bei. Jioni nyingine familia ilikunywa chai tupu ikalala. Habari hizo zilimfikia babu yake Kate kule Nyeri. Mzee huyo ni mwalimu mstaafu, mtu wa kanuni. Jina lake ni Mathenge, nalo hulibeba kwa fahari, kwa kuwa lilikuwa jina la babu yake.

Alipowasili Isiolo, hakuzungusha maneno.

"Mureithi, nimekuja kumchukua Kate. Atakaa kwangu mpaka mvua inyeshe. Mtoto hasomi akiwa na njaa."

"Baba, sisi hatujashindwa," Mureithi alijibu kwa adabu.

"Basi kesho nitakula mezani pako, kisha nitaamua."

Wanjiru aliyasikia hayo akiwa jikoni. Mikono yake ilitulia juu ya sufuria. Mlo mmoja tu ungeamua kama binti yake atabaki nyumbani.

Asubuhi iliyofuata, mzee aliketi uani akipiga viatu vyake rangi. Nyuma ya ukuta wa mabati alisikia sauti ya jirani. Jirani huyo anaitwa Safiyo, mfugaji wa mbuzi wachache.

"Mama Kate, leo tumpike Mathenge!"

Mzee aliacha kupiga viatu rangi.

"Leo? Na mgeni yuko?" Wanjiru alinong'ona.

"Ndiyo vizuri! Mgeni aone. Huyo Mathenge ametusumbua sana. Mbuzi wangu ameng'oka meno kwa sababu yake. Kule Biliqo kwa dada yangu, amekalia njia yote ya mto. Ukimkata, anarudi na watoto wake. Sasa dawa ni kumla!"

"Polepole, Safiyo! Atasikia."

"Nani? Mathenge hana masikio!"

Mzee aligusa sikio lake. Hakuwahi kufika Biliqo. Hakuwahi kumgusa mbuzi wa mtu.

"Nimemwanika juu ya gunia mpaka akakauka," Safiyo aliendelea. "Halafu nimemtwanga kwa kinu. Amelainika kabisa."

Mzee aliinuka, akavaa viatu, akaenda dukani kwa mwanawe. Mureithi alikuwa akimpimia mteja sukari.

"Mureithi, hapa Isiolo kuna Mathenge wengine?"

"Wengi mno, Baba," Mureithi alijibu bila kuinua macho. "Tumewachoma moto, lakini wapi!"

Mzee alirudi uani akiwa amechanganyikiwa zaidi ya alivyotoka.

Saa ya chakula ilipofika, Mureithi akiwa bado dukani, Wanjiru aliwawekea mzee na Kate mezani maharagwe na chapati za rangi ya kahawia. Mzee alimega kipande. Kilikuwa laini, tena kitamu, kana kwamba kimetiwa asali kidogo.

"Huu ni unga gani?" aliuliza.

Wanjiru aliinamisha kichwa. Mama yake alimfundisha kwamba mke hatamki jina la baba mkwe. Kanuni hiyo hakuwahi kuivunja.

"Wa ngano, Baba. Umechanganywa na wa mti."

"Mti gani?"

"Ule wa miiba."

"Una jina?"

"Una jina, Baba."

"Litaje."

"Siwezi, Baba."

Mzee aliirudisha chapati kwenye sahani. "Mimi sili chakula kinachofichwa jina, na mjukuu wangu hatakila. Kate, lete mkoba wako."

Kate alimtazama mama yake. Macho ya Wanjiru yalijaa machozi. Hapo mlango ukafunguliwa, na Safiyo akaingia na chekecheke mkononi.

"Habari ya mchana, mzee! Umemla Mathenge? Mtamu, sivyo?"

"Mama," mzee alisema polepole, "Mathenge ni mimi."

Safiyo aliziba mdomo kwa ncha ya shungi lake. Kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wallahi, mzee, sikujua! Njoo nikuonyeshe mwenzako."

Alimpeleka nyuma ya nyumba, kando ya mkondo mkavu. Palikuwa na kichaka kikubwa cha miiba. Matawini yalining'inia maganda marefu ya manjano, mfano wa maganda ya maharagwe.

"Huyu ndiye mathenge."

"Mti hauitwi 'huyu'," mzee alimsahihisha. "Mti ni 'huu'. Ungesema hivyo asubuhi, nisingejiona ndani ya kinu."

"Ngoja akuchome mwiba, mzee. Utamwita 'huyu' wewe mwenyewe!"

Mzee alikunja uso, lakini masharubu yake yalitikisika.

"Na meno ya mbuzi?" aliuliza.

"Mbuzi anakula maganda mazima kila siku. Sukari inashika meno na mbegu zinakwama kwenye ufizi. Sisi hatuli hivyo. Tunachukua yaliyoiva tu, ya manjano. Yenye ukungu au matundu tunatupa, kwa sababu ukungu ni sumu. Tunaanika juu ya gunia safi mpaka yavunjike kwa mlio. Tunatwanga, tunachekecha. Kisha kikombe kimoja cha unga huu kwa vikombe vinne vya ngano. Hatuzidishi. Dada yangu alifundishwa na kikundi cha akina mama, naye akanifundisha mimi."

"Na mbegu zinazobaki kwenye chekecheke?"

Wanjiru, aliyekuwa amewafuata, alijibu, "Zile za mara iliyopita mimi nilizimwaga karibu na jikoni, Baba."

Walikwenda kutazama. Miche midogo ilikuwa imechipuka mahali palipomwagwa maji ya kuoshea vyombo.

"Yaani umempanda mlangoni!" Safiyo alipiga makofi kwa mshangao. "Mama Kate, mbegu ni za motoni."

Wanjiru aling'oa miche yote na mizizi yake, akaitupa jikoni motoni. Mzee alisimama akimtazama mpaka akamaliza. Kisha akarudi mezani, akaichukua ile chapati.

"Mtoto wangu," alimwambia Wanjiru, "nilidhani unanificha jambo. Kumbe ulikuwa unaniheshimu. Kate, rudisha mkoba. Hapa pana chakula, na pana watu wanaojua wanachokila. Mathenge mmoja ataendelea kula, mwingine aendelee kuliwa."

Siku hizi Wanjiru na Safiyo huenda pamoja mkondoni kuokota maganda, mikono yao ikiwa imefungwa vitambaa kwa sababu ya miiba. Kichaka kilichokuwa nyuma ya nyumba kimepungua. Unga wa ngano wa familia unadumu zaidi, na Kate huenda shule akiwa ameshiba.

Wanjiru bado hatamki jina la mti ule. Unga wake anauita "unga wa Baba". Mureithi alipoanza kuuza kidogo dukani, wateja nao walilishika jina hilo. Simu ikipigwa kutoka Nyeri, swali la mzee huwa ni lile lile.

"Unga wangu unaendeleaje?"

"Umekwisha, Baba," Wanjiru hujibu. "Tunaanika mwingine."