Gramu Mia Mbili, Maji Sitini na Moja

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha saluni, Kamembe.

Patricie alimimina maji mpaka hamsini kwenye chupa nyembamba yenye mistari ya mililita. Akatumbukiza punje za shaba ya njano, gramu mia mbili. Maji yakapanda hadi sabini na tatu.

"Hii ni shaba. Dhahabu ya Mucyo, uzito uleule, itafika sitini na moja tu. Mizani unaweza kuidanganya. Mayi hapana."

"Maman, tunaenda kuiba ao kusoma?" Ciza, mwenye pikipiki, alicheka.

Umwali hakucheka. Yeye ndiye anayefagia kwa Nzabonimpa, mnunuzi wa dhahabu, na funguo zilikuwa mfukoni mwake. Miezi miwili nyuma Mucyo, mdogo wake Patricie, alimpelekea yule fisi dhahabu. Nzabonimpa akaipima, akaandika karatasi kwamba kapokea dhahabu gramu mia mbili, akasaini. Kisha akapiga kelele kwamba kaletewa shaba. Mucyo yuko ndani mpaka leo, na hukumu ni kesho. Dhahabu yenyewe ingali kwenye droo, karatasi juu yake.

"Hatuuzishe hata punje," Patricie alisema. "Inaenda polisi. Asiyetaka, mlango ni ule."

Hakuna aliyetoka.

Saa sita na nusu. Nzabonimpa alikwenda kula sambaza zake, dagaa wa ziwani. Umwali akafungua duka. Patricie akavunja droo kwa bisibisi, akampa Ciza mfuko wa dhahabu, karatasi akaificha kifuani. Mlinzi akapiga filimbi. Pikipiki ikaondoka, wanawake wakapotelea sokoni.

Saa saba na robo. Ciza alikuwa amewatangulia saluni, kofia ya pikipiki mkononi. Patricie akapima mfuko: mia mbili kamili.

"Umeona?" Ciza alisema. "Twende."

"Ngoja kwanza."

Maji hamsini. Akamimina punje. Sabini na tatu.

"Iko mapovu, Maman."

Patricie akagonga chupa mara tatu. Hakuna povu lililopanda. Akageukia rafu alikoacha shaba yake ya asubuhi. Patupu. Lo! Mjinga alisikiliza habari ya uzito, ya maji akaiona masomo.

Umwali akasukuma komeo la mlango. Ciza akachomoa kisu.

"Kupatia polisi dhahabu! Muko na wazimu? Bukavu muntu ananingojea!"

Mbona ile kofia haimtoki mkononi? Patricie akaikamata. Kisu kikamchana kiganja. Hakuachia. Wakavutana, bitana ikapasuka, soksi nzito ikaanguka sakafuni. Umwali akaikalia. Ciza akaruka dirishani na kwenda zake, ashindwe huko.

Saa nane. Kituo cha polisi. Patricie aliweka mezani soksi, karatasi, mizani na chupa. Damu ilikuwa imelowesha kitambaa mkononi. Aliogopa, tena sana, lakini alisema yote.

"Nimeiba kwa Nzabonimpa, saa sita na nusu. Sikatae. Mbele ya kunifunga, soma sahihi yake, kisha pima kwa mizani na kwa mayi."

Afisa akapima. Mia mbili. Akamimina punje kwenye maji hamsini, akainama mpaka macho yakalingana na mstari.

"Ngapi, afande?"

"Sitini na moja."

"Andika," Patricie alisema, akanyoosha mikono yote miwili. "Andika kwanza. Pingu zitangoja."