Barua ya Nne

Mama Pasi alirudi nyumbani hoi. Tangu asubuhi alikuwa amesimama, akipiga pasi mashuka ya hoteli. Miguu ilikuwa imemvimba.

Binti yake mkubwa alifanya kazi naye, meza ya pili. Alikuwa amefaulu kwenda sekondari. Lakini huko masomo yote ni kwa lugha ya kigeni, na shule ya msingi hakufundishwa hata salamu zake. Alikaa darasani kama bubu, mwisho akaacha. Mdogo wake sasa yuko darasa la nne.

"Mama, na huyu naye tumwandalie meza ya tatu?" binti aliuliza.

"Barua zangu hawazioni, nifanyeje?" mama alisema. Alikwishapeleka barua tatu ofisi ya elimu, kuomba lugha hiyo ifundishwe shule ya msingi. Kila akifuatilia anaambiwa, "Hatujaiona."

Jirani yao, tarishi mstaafu, alikuwa anaanua nguo. Alisikia yote.

"Shoga, barua unampa nani?"

"Mlinzi wa getini. Ana adabu, anapokea kwa mikono miwili."

"Hata angepokea kwa minne! Yule analinda geti, halindi barua. Na anayesaini ni nani?"

"Mimi peke yangu."

"Aa! Kidole kimoja hakivunji chawa. Nimebeba barua za ofisi miaka ishirini na sita, nisikilize. Andikeni ombi fupi: mnataka nini, shule gani, darasa gani. Wazazi wote wasaini. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Kila karatasi ya majina iwe na ombi juu yake, isije ikadhaniwa ni orodha ya harusi. Mwonyesheni mwalimu mkuu kwanza. Halafu toa nakala, upeleke masjala, ndiko barua zinakopokelewa. Nakala yako ipigwe mhuri wenye tarehe. Bila mhuri usiondoke."

"Nimechoka, dada."

"Najua. Lete karatasi."

Wiki mbili, kila wakitoka kazini, mama na binti walipita nyumba kwa nyumba. Baba mmoja aliwacheka mlangoni.

"Lugha hiyo mimi siijui, na ninaishi."

"Hata mimi ninaishi, mjomba," binti alisema. "Ila nilitaka kuwa muuguzi."

Yule baba aliacha kucheka. Kisha akaomba kalamu.

Walipata saini sitini na tatu. Mwalimu mkuu alisoma, akaongeza yake. Mama akaomba ruhusa kazini, akaenda masjala.

"Iache hapo mezani," karani alisema.

"Nasubiri mhuri, mwanangu."

Alikaa kwenye benchi mpaka akasinzia. Saa saba karani akamwamsha, akampigia mhuri.

Mwezi ukapita, kimya. Mama akarudi.

"Hatujaiona," karani alisema.

Mama akaweka nakala mbele yake. Karani alitazama mhuri, akatazama tarehe. Aliinuka, akafungua kabati. Faili likaonekana, nalo likapelekwa kwa ofisa siku hiyohiyo.

Muhula uliofuata alikuja mwalimu wa lugha, siku tatu kwa wiki. Jioni ya kwanza mtoto aliingia nyumbani mbio, daftari mkononi. Akasoma kwa sauti maneno kumi mapya. Mama alikuwa amejilaza, amefumba macho, anasikiliza.

Binti mkubwa akavuta kiti, akakaa karibu na mdogo wake.

"Rudia," alisema. "Polepole."