Panya Pacha wa Lugano

Sindanojeni ilizama katika yai la panya, ikaondoa kipande kimoja cha jeni, ikapachika kingine kilichonakiliwa kutoka kwa binadamu, kisha ikatoka bila kuacha alama. Kwa chombo hicho, maabara ya Uyole jijini Mbeya ilimtengenezea kila mgonjwa panya pacha: mnyama aliyebeba hitilafu ileile ya urithi, akaugua ugonjwa uleule na kutangulia kuonja dawa. Magonjwa ambayo mababu waliyaita mikosi sasa yalikuwa na tiba.

Daktari Tusekile Mwaipopo, mkuu wa maabara, alikuwa ametunga sheria isiyo na msamaha: dawa haimfikii mgonjwa mpaka panya wake azae, na watoto wachunguzwe.

Mgonjwa wa sasa alikuwa mdogo wake, Lugano, ambaye misuli ya moyo wake ilikuwa ikinyauka.

"Panya wangu anapanda ngazi mbio," Lugano alisema akihema, "mimi nasukumwa kwa kiti. Na dada, ameoa kabla yangu!"

Sekela, mchumba wake, alicheka. Daktari hakucheka.

"Watoto wake wana mioyo imara. Lakini hawasikii. Dawa imemponya baba, ikaharibu jeni ya usikivu katika mbegu zake za uzazi. Nikikutibu, usizae. Wala tusihifadhi mbegu ulizonazo leo. Zina ugonjwa wenyewe."

"Bila sheria yako ningekuwa nimeshapona, sijui lolote."

"Na mwanao angelipa."

"Nikikataa dawa?"

"Moyo huo hautaiona masika."

Lugano alimtazama Sekela. "Muulize wifi yako. Mimi nikisema nataka kuishi, nani atashangaa?"

Sekela aliinuka, akasogelea kizimba cha panya, akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. Panya baba aliruka hadi pembeni. Watoto waliendelea kunyonya. Akapiga tena, taratibu, kama anayembembeleza mtu.

"Mama yenu ameshaninunulia mbeleko," alimwambia daktari.

"Najua. Alinionyesha."

"Basi utamwambia wewe, wifi. Sheria ni yako. Mimi siwezi."

Daktari aliinamisha kichwa. "Nitamwambia."

"Mpe dawa," Sekela alisema, macho yake bado kizimbani.