Spika ya Korbesa

Koni haikutoka nje. Lodio aligusisha nyaya mbili za spika kwenye betri ya tochi, kama alivyofanya kwa kila spika kuukuu iliyopita mikononi mwake, na koni, ile karatasi ya katikati inayotetemeka, ikaingia ndani. Hilo halikuwa ajabu. Nyaya zikipinduliwa, koni hurudi nyuma badala ya kuruka mbele. Akazigeuza. Ikaingia ndani tena, zaidi ya kwanza, na haikurudi. Ilikaa hivyo kama kifua cha mtu aliyevuta pumzi akaizuia.

Alilaumu betri.

Ilikuwa saa ya jua kusimama utosini, wakati mtaa mzima wa Wabera, mjini Isiolo, hujifungia ndani na bodaboda huegeshwa kivulini. Lodio aliendesha lori la maji, kazi ya alfajiri, na mchana wake ulikuwa wa spika. Alizinunua makanisani, kwenye baa zilizofungwa, kwa wajane waliotaka nafasi sebuleni. Alizifungua, akazitia koni mpya, akabandua sponji iliyooza ya ukingoni na kuweka ngozi ya mbuzi aliyoikwangua mwenyewe mpaka ikalainika, kisha akaziuza kwa watu wa Nanyuki na Meru waliodai kwamba spika za siku hizi zinapiga kelele tu. Nyingine zilimshinda kuuza. Hizo zilijaa ukuta mzima wa sebule, na mkewe, Kathambi, aliziita wake wenza.

Hii ya leo ilitoka kijiji cha Korbesa. Gababo, mchuuzi wa vyuma vikuukuu, aliileta juu ya lori la mbuzi akasema ilikuwa ya gari la sinema la zamani. Boksi lilikuwa la mbao nzito. Usoni lilikuwa na alama nyeupe ya duara, kama kitu kilicholala kifudifudi mahali pamoja kwa miaka.

Lodio alikuwa ameinama akichomelea waya, mlango uko nyuma yake, aliposikia mtu akisema, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya adabu.

"Karibu," akajibu bila kuinua kichwa.

Hakuna aliyeingia. Alipotoka alikuta uga mtupu, na vumbini hamkuwa na nyayo ila zake. Aliporudi, koni ilikuwa imeachia na kukaa mahali pake. Akagusisha betri. Ikaruka mbele vizuri, kama inavyotakiwa, na Lodio akafurahi.

Alipoiunganisha na amplifaya alikaa chini. Alikuwa amesikiliza spika tangu ujana wake na hakuwahi kusikia kitu kama kile. Mwimbaji alivuta pumzi kabla ya ubeti, na ilikuwa kana kwamba amevuta pumzi ile pale kwenye kochi. Mteja wa Nanyuki aliisikia kwa simu akasema atafunga safari kuijia. Lodio alimwambia asubiri kidogo. Kila mteja huyo alipopiga tena, aliambiwa asubiri. Mwishowe Lodio akaacha kupokea simu yake.

Harufu ilianza wiki ile. Ilikuwa harufu ya udongo uliolowa, nayo ilitoka ndani ya boksi. Isiolo ilikuwa haijaona tone la mvua kwa miezi. Kathambi alisema panya amefia humo. Lodio alilifungua, akamulika, asikute panya wala unyevu. Akalifunga.

Binti yao, Alice, alikuwa amejua maneno ya kutosha kutawala nyumba: maji, leta, hapana, mama, baba. Mgeni akibisha hodi alipunga mkono, akijaribu "karibu" ya babake bila kuiweza. Asubuhi moja alinyoosha kidole kwenye mtungi, akafungua mdomo, akaufunga. Kathambi alicheka, akamwambia aseme maji. Mtoto alimtazama mamake mdomoni kama anayetazama mtu akiongea nyuma ya kioo. Baada ya hapo lilikwenda "leta." Kisha "hapana," neno alilolipenda kuliko yote. Muuguzi alimkagua masikio na koo, hakuona kasoro, akasema watoto wengine hurudi nyuma kidogo kabla ya kusonga mbele.

Kathambi, aliyeuza miraa stendi asubuhi, alikuwa akifua nyuma ya nyumba aliposikia mtoto akiita ndani.

"Maji. Leta maji."

Aliacha nguo kwenye beseni, akajaza kikombe, akakimbilia ndani huku akimshukuru Mungu kwa sauti. Alice alikuwa amelala mkekani, mdomo umefumba, kidole gumba kinywani.

"Leta maji," sauti ya Alice ikasema tena, kutoka ukutani. Waya wa spika ya Korbesa ulining'inia bila kuunganishwa na kitu. Koni yake ilikuwa ikienda mbele na nyuma taratibu.

Lodio aliporudi alikuta kikombe kimevunjika na mkewe amekaa nje juani, mtoto mgongoni.

"Baba Alice, hiyo kitu itoke leo."

Lodio alimweleza kwamba waya mrefu unaweza kushika mawimbi, kwamba zamani hata mabati ya nyumba yalishika redio.

"Ni stesheni gani hiyo inamjua mtoto wangu?"

Lodio hakuitoa. Alijiambia kwamba mwanamke ameiudhikia spika siku nyingi na sasa amepata sababu. Mke na mume waliacha kula pamoja. Kathambi alimwita mchungaji wao, naye akaomba kwa nguvu mpaka shati likamganda mgongoni. Alipomaliza, spika ilirudia maombi yote kwa sauti yake mchungaji, neno kwa neno, ila kila palipokuwa na jina la Yesu ilinyamaza kidogo na kuendelea. Mchungaji alichukua kofia yake. Toka siku hiyo sauti za ukutani ziliongezeka nguvu, kama mtu aliyeshiba.

Kilichomtoa Lodio ubishi kilikuwa neno moja. Alikuwa amempakata Alice, uso kwa uso, akimchezesha.

"Baba," ikasema spika.

Midomo ya mtoto haikutikisika. Alikuwa akimtazama tu, macho yamejaa machozi. Lodio akaelewa kwamba mtoto ametaka kumwita na hakukuta kitu cha kumwitia.

Alipakia spika kwenye lori mchana uleule, akaitupa mbele ya kibanda cha Gababo. Aliporudi nyumbani akasimama sebuleni, akasikiliza kimya kile, akaanza kushusha pumzi. Ndipo spika ndogo ya rafu ya chini, ambayo haikuwa na hata sumaku, iliposema, "Baba." Ya pili yake ikaitikia, "Baba." Likapanda neno hilo rafu kwa rafu, ukuta mzima, mpaka dari.

Alirudi kwa Gababo akamkamata ukosi.

"Mimi niliuza spika," Gababo akasema. "Sikuuza mtu. Niachilie shati."

Lodio hakuliachilia, na hapo Gababo akatoa alichokificha. Kule Korbesa palikuwa na kisima kilichokauka zamani. Boksi lile liliachwa na watu wa sinema gari lao lilipoharibika, na wazee wakalilaza kifudifudi juu ya mdomo wa kisima kwa sababu kila adhuhuri kisima kilibisha hodi. Watu wa pale walikuwa wamezoea. Walipita na mbuzi wao wakinyamaza.

"Ungeuliza ningekuambia," Gababo akasema. Kisha akamtazama vizuri. "Uliitikia?"

Mkono wa Lodio ukaliachilia shati.

"Mturkana wewe, uliitikia." Gababo alicheka, lakini alikuwa amerudi nyuma hatua. "Basi chukua mbao zako. Hiyo ni nyumba tupu umeniletea. Mwenyewe yuko kwako."

Ni Kathambi aliyekwenda kwa Maalim Dullo, mwalimu wa madrasa mtaani, ingawa kanisani wangemsema. Maalim alikuja na bakora yake, akasimama nje ya lango, na Lodio alipofungua mdomo kumlaki akainua kiganja.

"Hilo neno usiniambie. Nitaongea hapahapa."

Aliongea kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa nyumba muda wote. Alisema jini aliyevunja mlango yeye angemtoa kwa kisomo, na aliwahi kuwatoa. Huyu alibisha, akakaribishwa na mwenye nyumba. Ana haki ya mgeni.

"Mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe," Kathambi akasema. "Huyu mimi nitampa shoka."

"Utapasua mbao, mama. Mgeni kama huyu hafukuzwi. Hunyimwa chakula mpaka aone haya, aage mwenyewe."

"Anakula nini?"

"Si mnaona anavyokula? Maneno."

Kwa hiyo masharti yake yalikuwa machache. Ndani ya nyumba lisisemwe hata neno moja, liwe la kumtukana, liwe la kumbembeleza mtoto. Kathambi aliuliza kama wanaweza kuomba. Maalim alisema waombe moyoni, Mungu hana haja ya spika. Mgeni akiomba ruhusa, wafungue mlango na wasijibu. Akivuka kizingiti, wasijibu. Neno moja ni tonge, na mwenye njaa hurudi kwa tonge moja.

"Na sauti ya mtoto?" Lodio akauliza.

"Mgeni akiondoka kwa heshima huacha vyombo."

Alikataa maji waliyompa, akaondoka bila kugeuka.

Walifunga lango alfajiri, Lodio hakwenda kazini, Kathambi hakwenda stendi, nao wakakaa sakafuni sebuleni, mtoto katikati, wakitazama ukuta. Alice alikuwa amebakiwa na "mama." Kabla jua halijapanda nalo lilikwenda, walimwona akilitafuta mdomoni kwa ulimi. Asubuhi ukuta ulikuwa na utani. Ulipiga hodi kwa sauti ya jirani aliyekuja kuazima sufuria, kwa sauti ya mteja wa Nanyuki aliyesema yuko langoni na gari linaunguruma, kwa sauti ya Gababo aliyemtukana Lodio matusi ambayo mwanamume hasikii akanyamaza, na Lodio akanyamaza. Utani ulipoisha ikaja njaa. Koni zote zilianza kwenda mbele na nyuma kwa pamoja, hata zilizopasuka, hata zile zilizokuwa ngozi tupu zikisubiri gundi, na harufu ya udongo ikajaa mpaka wakaihisi kwenye meno, na sementi chini ya rafu ikalowa duara, na kutoka mle ukutani mama mzazi wa Kathambi, aliyezikwa milimani kwao, akamuuliza kwa Kimeru kwa nini amemwacha mlangoni na jua hili, mwanangu, kwa nini humwambii mumeo anipe kigoda, na Kathambi akaingiza leso mdomoni akaiuma. Jua liliposimama, sauti zote zikaacha, ikabaki moja, ya Alice, ikilia kwa maneno yake yote matano yaliyochanganyika, mama leta maji, mama, hapana, baba, hapana, mama, kwa kilio kile kinachomtoa mama kitandani kabla hajajua ameamka, huku Alice mwenyewe amekaa mbele yao mdomo wazi, machozi yanamtiririka, hatoi hata mguno, na leso ikamtoka Kathambi mdomoni, na Lodio alipoona koo lake linapanda akamziba kwa kiganja, akamkandamiza kifuani, naye akamng'ata mkono mpaka damu ikashuka kwenye kiwiko, na hakuna aliyetoa sauti.

Kilio kikakatika.

Koni zote ziliingia ndani, zikakaa.

"Naomba ruhusa," ikasema sauti ya mtu mzima, ya adabu. Ilikuwa imechoka.

Lodio aliinuka, akafungua mlango kwa mkono mzima. Kitu baridi kilimpita begani. Pazia la mlango liliinuka kuelekea nje, likabaki limeinuka muda wa mtu kuvaa viatu, kisha likashuka. Alice alikohoa. Alikohoa tena, akameza mate, na wazazi wake wakasikia, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, koo la mtoto wao likitoa sauti yake lenyewe. Kathambi alimkumbatia, bado amefumba midomo. Lodio alitikisa kichwa kumkumbusha: bado.

Nje, katikati ya uga mweupe kwa jua, ambapo hapakuwa na mtu, sauti ile ikageuka kuwaelekea.

"Asante."

Lodio aliuma ulimi. Kathambi alibana midomo mpaka ikapauka. Mkono wake ulikuwa njiani kuelekea uso wa mtoto, lakini Alice, aliyekuwa amepata ulimi wake na akaupenda, alikuwa tayari amegeukia mlango, amenyoosha vidole kumpungia mgeni, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri.

"Kaibu," akasema.

Pazia likainuka tena, safari hii kuelekea ndani.